Tiba ya Kichina kwa Kiuno Kilichobana: Tathmini ya Kliniki Moja ya Malindi

Kliniki ninayoiandikia tathmini hii iko katikati ya mji wa Malindi, hatua chache kutoka Barabara ya Lamu, na kibao chake kinaahidi kutibu mgongo, kiuno, miguu, sukari, presha na uzazi. Nitazungumzia kiuno peke yake, kwa kuwa ndicho kilichotupeleka pale, na si kila maumivu ya kiuno bali ugonjwa mmoja mahususi: kubana kwa mfereji wa uti wa mgongo katika pingili za chini. Jina la kliniki silitaji, kwa sababu baadhi ya niliyoyaona yanahitaji kurekebishwa na wenyewe nimekwisha kuwaambia ana kwa ana. Isitoshe, huduma za aina hii hufanana sana katika miji ya pwani, na msomaji ataweza kuyapima haya popote atakapokwenda. Niseme mapema kwamba sindano zao, zile nyembamba zisizo na dawa ndani ambazo huchomwa sehemu maalumu za mwili, nimezikubali kwa kiasi, ilhali dawa zao za pakiti sitamshauri mzee yeyote azinywe kabla hajajua kilichomo ndani yake.

Mgonjwa ni ami yangu, kinyozi wa Shela ya hapa Malindi, ambaye umri wake umepita miaka 70. Kinyozi hufanya kazi amesimama, na kusimama wima ndiko hasa kunakouchochea ugonjwa huu. Alianza kwa kuegemea mgongo wa kiti cha mteja, tukadhani ni uchovu wa uzee. Baadaye ikawa hamalizi kichwa kimoja bila kwenda kuketi kwenye benchi, mteja akabaki na ndevu zilizonyolewa upande mmoja akimsubiri. Miguu ilikuwa ikimfa ganzi na kumlemea kuanzia makalioni hadi kwenye mashavu ya miguu. Hata hivyo, mtu huyo huyo aliyeshindwa kutembea kutoka dukani hadi msikitini bila kupumzika alikuwa akipanda baiskeli mpaka Muyeye na kurudi, na alikuwa akisukuma mkokoteni wa madumu ya maji bila kulalamika. Wazee wenzake wa barazani walianza kunong'ona kwamba anajisingizia ili vijana wamfanyie kazi.

Hakuwa anajisingizia. Ndani ya uti wa mgongo mna mfereji unaopitisha neva ziendazo miguuni, kwenye kibofu na kwenye njia ya haja kubwa. Kadiri umri unavyosonga, diski zilizo baina ya pingili hupungua kimo na kutokeza nyuma, viungo vidogo vya nyuma ya pingili huota vinundu vya mfupa, na kano ya manjano iliyotandaa kwenye ukuta wa nyuma wa mfereji huwa nene na kukunjamana. Mfereji ambao kwa kawaida huwa na milimita 15 au zaidi kutoka mbele hadi nyuma huanza kupungua, na ukishuka chini ya milimita 10 madaktari huuhesabu kuwa umebana kweli kweli. Mara nyingi panapoathirika zaidi ni baina ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, na ndipo palipoonekana kwenye picha ya MRI ambayo ami alipigwa Mombasa. Mtu akisimama wima au akijirudisha nyuma, kano ile hujikunja kuelekea ndani ya mfereji na nafasi huzidi kuwa finyu. Akiinama mbele, kano hunyooka na neva hupata nafasi. Mwendesha baiskeli ameinama, na msukuma mkokoteni ameinama. Hii pia ndiyo njia rahisi ya kuutofautisha ugonjwa huu na ule wa mishipa ya damu iliyoziba miguuni, kwa kuwa mwenye mishipa iliyoziba hupata nafuu kwa kusimama tu palepale alipo, ilhali huyu wetu hapati nafuu mpaka aketi au ainame.

Daktari wa mifupa alimpa ami njia tatu: mazoezi chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, sindano ya steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, katika uti wa mgongo, au upasuaji wa kuupanua mfereji. Kisu alikikataa hapo hapo. Sindano ya steroidi aliiogopa, na sikumlazimisha, kwa kuwa utafiti mkubwa uliofanyika Marekani kwa wagonjwa 400 na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba baada ya wiki sita waliopewa steroidi pamoja na dawa ya ganzi hawakuwa wamepata manufaa makubwa kuliko waliopewa dawa ya ganzi pekee. Ndipo jirani mmoja, ambaye bega lake lilikuwa limepona kwa Wachina, alipotuelekeza kwenye kliniki hii.

Lawama ya kwanza ni ya jengo lenyewe. Kliniki iko ghorofa ya kwanza na lifti hakuna. Kupanda hakukumsumbua ami hata kidogo, kwa sababu mtu hupanda ngazi akiwa ameinama mbele. Kushuka, ambako mwili hujirudisha nyuma ili usianguke, ndiko kulikomtesa, hata akawa anashuka kwa mgongo kama ashukaye ngazi ya mnazi huku mimi nimetangulia chini kumkinga. Watu wanaojitangaza kuwa mabingwa wa kiuno wangepaswa kuwa wa kwanza kulifikiria jambo hili.

Ndani ni pasafi, feni zinafanya kazi, na ukutani imetundikwa picha ya twiga anayeongozwa kwa kamba na mtu aliyevaa mavazi ya Kichina. Kila mgeni huelezwa habari yake: mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga mbele ya mfalme Yongle wa China, zama za safari za Zheng He, amiri wa merikebu zake. Habari hiyo ni ya kweli, na mtu aweza kuongeza kwamba mwaka 2010 wachimbaji wa mambo ya kale kutoka China na Kenya walipata pale Mambrui sarafu ya shaba yenye jina la mfalme huyo huyo. Nimefurahi kuiona picha hiyo, lakini twiga wa karne ya 15 si ushahidi kwamba dawa ya leo inafaa, na nilihisi kwamba historia inatumika pale kulainisha mfuko wa mgonjwa.

Tabibu ni Mchina wa makamo, mtulivu, ambaye Kiswahili chake hakijavuka salamu na majina ya siku. Kazi yote ya maelezo hufanywa na msaidizi wake, binti wa Kigiriama ambaye amejifunza Kichina na ambaye, kwa maoni yangu, ndiye nguzo ya huduma nzima. "Shikamoo baba," alimwamkia ami kwa heshima iliyompumzisha mara moja, kisha akaanza kuuliza: je, usiku huamka kwenda msalani mara ngapi, miguu huwa ya baridi au ya moto, ganzi huanza juu kushuka au chini kupanda, na akiinama huondoka baada ya muda gani? Hospitalini hatukuwahi kuulizwa maswali mengi kiasi hicho. Tabibu alishika mapigo ya mikono yote miwili kwa vidole vitatu vitatu, akautazama ulimi kwa makini, kisha akatoa maelezo ambayo binti aliyafasiri bila haraka: kiuno ni nyumba ya figo, figo za mzee zimepungua nguvu, na kwa hiyo upepo, baridi na unyevu vimeingia na kuziba njia. Maelezo haya yametoka katika mapokeo ya kale ya tiba ya China na hayapaswi kuchukuliwa kama ripoti ya maabara. Figo zinazozungumziwa si zile ambazo daktari huzipima kwa damu. Mzee wa pwani aliyekulia kwenye mazungumzo ya baridi yabisi hatayaona mageni, na ami alitikisa kichwa kukubali kila neno.

Nilianza kutilia shaka pale ilipofika zamu ya picha ya MRI. Tabibu aliinua filamu kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mfupi mno, akairudisha kwenye bahasha, na ripoti ya daktari haikusomwa na yeyote. Kisha tukaambiwa kwamba baada ya awamu kamili ya matibabu mfereji utafunguka.

"Utafunguka vipi, dada, na ulioziba ni mfupa na kano?" niliuliza.

"Unafunguka taratibu, kaka. Damu ikitembea, na njia inafunguka."

Jibu hilo halitoshi, na ahadi hiyo ndiyo kasoro kubwa kuliko zote nilizoziona. Hakuna sindano wala jani linaloondoa kinundu cha mfupa au kuipunguza kano iliyokwisha kuwa nene. Linaloweza kutokea, na lenye maana kwa mgonjwa, ni kwamba misuli iliyokaza hulegea, maumivu yakapungua namna yanavyopokewa na neva na ubongo, mtu akathubutu kutembea zaidi, na kutembea kwenyewe kukamrudishia nguvu. Hayo ni manufaa halisi, wala sioni kwa nini kliniki isiyauze kwa jina lake la kweli.

Sindano zenyewe hufanywa vizuri. Kila pakiti ilifunguliwa mbele yetu, zikatumika mara moja na kutupwa kwenye sanduku la taka zenye ncha kali. Tabibu aliosha mikono kila alipomwacha mgonjwa mmoja na kwenda kwa mwingine. Zilichomwa pande mbili za kiuno, kwenye usawa wa pingili ya pili na ya nne, mahali wanapopaita Shenshu na Dachangshu; nyuma ya goti kwenye mkunjo, panapoitwa Weizhong; chini ya shavu la mguu, panapoitwa Chengshan; na nyuma ya kifundo cha ndani cha mguu, panapoitwa Taixi. Masafa baina ya sehemu hizi hupimwa kwa upana wa kidole gumba cha mgonjwa mwenyewe, jambo ambalo ami, mzoefu wa kupima nywele kwa vidole, alilipenda sana. Sindano ni nyembamba, na haiumi kama ya hospitali. Anachohisi mtu ni uzito na mvuto unaoenea, na tabibu huizungusha kidogo mpaka mgonjwa akiri kwamba ameuhisi.

Mambo mawili ya kitandani ninayaandika kwa urefu kwa sababu yanaweza kumdhuru mtu. La kwanza ni namna ya kulala. Mgonjwa wa kiuno huwekwa kifudifudi, na mwenye mfereji uliobana akilala kifudifudi bila kitu chini ya tumbo, kiuno huzama na kupinda upande ule ule unaombana. Siku ya kwanza ami alianza kuhisi ganzi kabla sindano hazijamalizika kuchomwa, akanyamaza kwa adabu. Nilipomwona anakunja vidole vya miguu nikasema, na binti akaleta mto mnene, akauweka chini ya tumbo lake. Ganzi ikapungua palepale. Mgonjwa mwingine yeyote wa aina hii na auombe mto huo kabla hajalala, au aombe kulala ubavu akiwa amekunja magoti.

La pili ni joto. Baada ya sindano huwashwa taa ya joto juu ya miguu, na wakati mwingine huchomwa vijiti vya majani makavu ya artemisia, mmea wa jamii moja na pakanga wetu, ambavyo husogezwa karibu na ngozi bila kuigusa. Moshi wake una harufu nzito na mzee mwenye pumu hataufurahia. Tatizo ni kwamba mguu uliokufa ganzi hauwezi kumwambia mwenyewe kwamba unaungua. Niliweka kiganja changu kwenye shavu la mguu wa ami nikakiondoa kwa moto niliouhisi, naye alikuwa akisinzia. Taa ilikuwa imesogezwa karibu mno na hakukuwa na saa iliyowekwa. Msaidizi alikuwa ameitwa chumba kingine. Hakuungua, ila ngozi ilibaki nyekundu mpaka jioni. Kwa mwenye kisukari kosa kama hilo lingeweza kuzaa kidonda cha miezi. Nililalamika, wakaomba radhi, na tangu siku hiyo nimeona saa ndogo ya mlio ikiwekwa kando ya kila taa.

Je, sindano zilimsaidia? Zilimsaidia. Baada ya majuma ya mwanzo aliweza kufika msikitini bila kukaa njiani, akawa anamaliza kichwa na ndevu kwa pamoja, na usingizi wake ukarefuka. Nilimpima kwa mwendo wake wa barabarani, wala si kwa anavyojisikia akiwa bado kitandani, kwa kuwa kila mtu hujisikia vyema akiwa amelala chini ya feni akihudumiwa. Lakini katika kipindi hicho hicho alikuwa ameanza mazoezi ya fiziotherapia na ameacha kunyanyua madumu, kwa hiyo siwezi kuzipa sindano sifa zote. Tena ugonjwa wenyewe una kawaida ya kupanda na kushuka: uchunguzi wa Uswidi uliochapishwa mwaka 1992, uliowafuatilia wagonjwa 32 ambao hawakupasuliwa kwa wastani wa miezi 49, uliona kwamba asilimia 70 walibaki vilevile, asilimia 15 walipata nafuu na asilimia 15 walizidiwa. Mtu akianza tiba yoyote siku zake zikiwa mbaya zaidi, uwezekano ni mkubwa kwamba mwezi ujao atakuwa afadhali hata kama tiba hiyo ni maji matupu.

Utafiti ninaouona wa maana zaidi kwa jambo hili ulifanyika China kwenyewe, katika hospitali tano, na kuchapishwa mwaka 2024 katika jarida la Annals of Internal Medicine. Wagonjwa 196 wenye ugonjwa huu huu waligawanywa kwa kura: baadhi walichomwa sindano za kweli mara 18 katika wiki sita, wengine wakawekewa sindano za bandia. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Waliochomwa kweli walipata zaidi kidogo, na nafuu hiyo ilidumu kwa miezi baada ya matibabu kuisha, lakini tofauti baina yao na wale wa bandia haikufikia kiwango ambacho wataalamu hukihesabu kuwa kitu ambacho mgonjwa mwenyewe atakihisi katika maisha yake. Matokeo haya yanafanana sana na tuliyoyaona kwa ami, yaani nafuu ipo, ni ya wastani, na sehemu yake kubwa inatokana na kuhudumiwa, kupumzishwa na kutarajia kupona. Mimi siidharau nafuu ya namna hiyo kwa mzee wa miaka 70 ambaye dawa za maumivu za hospitali humwumiza tumbo na kumpandisha presha.

Sasa tuje kwenye pakiti. Baada ya sindano, kila mgonjwa hupewa bila kuuliza mfuko wa vipakiti vya plastiki vyenye maji ya kahawia, vya kunywa asubuhi na jioni, na maandishi yote juu yake ni ya Kichina. Nilipouliza kilichomo, nilijibiwa kwamba ni miti shamba tu, haina kemikali. Jibu hilo tumelisikia sana pwani, kwa Wachina na kwa waganga wetu wenyewe, na halina maana yoyote, kwa sababu mti huua na mti huponya kwa kemikali iliyomo ndani yake. Nilisisitiza, na tabibu, kwa ukarimu ambao lazima niutambue, aliandika jina la mchanganyiko: Duhuo Jisheng.

Huu ni mchanganyiko maarufu wenye dawa 15, ambao umeandikwa katika kitabu cha tabibu Sun Simiao wa karne ya saba. Ndani yake mna mizizi ya duhuo na danggui, gome la duzhong, mdalasini, ginseng, urukususu na vinginevyo. Kimapokeo hupewa wazee wenye kiuno na magoti yaliyodhoofika, hivyo tabibu hakukosea kwa kufuata kitabu chake. Wasiwasi wangu uko kwenye vitu vitatu. Urukususu ukinywewa kwa wingi au kwa muda mrefu hupandisha shinikizo la damu na kupunguza potasiamu mwilini, na ami anakunywa dawa ya presha. Danggui inaweza kuzidisha kazi ya dawa za kuzuia damu kuganda, hasa warfarini, na ami humeza aspirini kila siku. Cha tatu ni xixin, mmea wa jamii ambayo baadhi ya mimea yake ina asidi ya aristolokiki, sumu inayoharibu figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Dunia iliamka kuhusu sumu hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale wanawake zaidi ya mia moja wa Ubelgiji waliotumia vidonge vya kupunguza mwili vilivyochanganywa kwa makosa na mmea wa aina hiyo walipoharibika figo. Simaanishi kwamba pakiti ya Malindi ina sumu. Ninachosema ni kwamba mimi, binti, na pengine tabibu mwenyewe, hatukuwa na njia ya kujua, kwa kuwa kifurushi hakikuwa na orodha ya viungo, tarehe ya kuisha, wala namba yoyote ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo dawa za mitishamba pia ziko chini yake.

"Mwanangu," ami aliniambia tukiwa njiani kurudi, "mimi wembe wenyewe siutumii mpaka nimesoma kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Hayo maji nitayanywaje?" Mfuko ulirudishwa, na fedha zake tukarejeshewa, ingawa si bila mabishano.

Kwa wanaopenda kulinganisha, si Asia ya Mashariki yote inayofanya hivi. Japani ina michanganyiko ya aina yake, 148 kati yake ikilipiwa na bima ya afya ya umma, na ule uitwao goshajinkigan hutumika kwa ganzi na maumivu ya miguu ya wagonjwa wa namna ya ami. Hutengenezwa viwandani kwa viwango maalumu na huandikwa na daktari, jambo la lazima, kwa sababu ndani yake mna mzizi wa akoniti ambao usipotayarishwa ipasavyo ni sumu ya moyo. Korea Kusini nayo tangu Aprili 2019 imeingiza kwenye bima ya taifa tiba ya Chuna, ambayo ni ya kunyoosha viungo kwa mikono. Mgonjwa wa Malindi hapewi mchujo wa namna hiyo. Analazimika kujichujia mwenyewe.

Kuumika kwa vikombe na ukandaji nitavipita haraka. Ukandaji wao ni mzuri, ila mwambieni anayekanda asiukunje mgongo kwenda nyuma. Vikombe ni vile vile ambavyo mafundi wa hijama wa mitaani kwetu wanavijua, kwa bei iliyo chini zaidi, na kwa anayetumia aspirini huacha mabaka meusi ya muda mrefu. Kwa mfereji uliobana sikuona vilichoongeza.

Kuhusu malipo, kikao kimoja cha sindano ni shilingi 2,000, pakiti za wiki moja ni shilingi 3,500, na utashawishiwa ulipe mapema vikao kumi kwa shilingi 18,000. Msikubali kulipa mapema. Wasiporidhika na kikao kimoja kimoja, waambieni mtarudi. Hulipwa kwa fedha taslimu au M-Pesa, risiti hutolewa ukiiomba, na bima haipokelewi. Kwa kulinganisha, mazoezi aliyofundishwa ami hospitalini, ya kulala chali na kuvuta magoti kifuani, ya kukaza misuli ya tumbo, na ya kuendesha baiskeli kila asubuhi, yamemgharimu kidogo mno, na kama fedha zingetosha kwa kimoja tu ningechagua hayo. Sindano ningeziongeza juu yake kwa aliye na uwezo, wala si badala yake. Na aliyekaa miezi kadhaa akifanya yote haya huku mwendo wake ukizidi kufupika, arudi kwa daktari wa upasuaji bila kuona haya, kwa sababu kuupanua mfereji kwa kisu ndiyo njia pekee inayougusa mfereji wenyewe.

Kuna jambo ambalo kliniki haikuuliza siku ya kwanza, nalo halisameheki kwa mahali panapopokea wagonjwa wa uti wa mgongo. Mtu akishindwa ghafla kukojoa, au akivuja haja ndogo au kubwa bila kujua, au akipata ganzi kwenye sehemu za siri na mapaja kwa ndani, au mguu ukilegea na kuburuzika, neva zake ziko hatarini na anahitaji hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku. Saa zinazopotea kwenye kitanda cha sindano katika hali hiyo zinaweza kumwacha na ulemavu wa maisha. Nilimweleza binti haya, akayaandika kwenye daftari lake na kumfasiria tabibu, ambaye alisema kwamba anayajua vizuri. Basi na ayaulize. Homa, kupungua uzito bila sababu, au historia ya saratani ni mambo mengine yanayomtaka mtu apite kwa daktari kwanza.

Ami bado huenda, mara moja moja, siku ambazo duka lina wateja wengi na kiuno kimekaza; huchomwa sindano, hukataa pakiti, na hudai mto wake kabla hajavua viatu. Anayekusudia kwenda abebe filamu ya MRI pamoja na ripoti yake, aombe ripoti isomwe mbele yake, na aandike kwenye karatasi dawa zote anazotumia. Aende asubuhi, kwani mchana foleni huwa ndefu na viti vya kungojea ni vigumu. Aepuke Alhamisi, siku ambayo binti mfasiri huwa mapumzikoni na tabibu hubaki akieleza kwa ishara za mikono.